Hewa, Baridi na Muda: Sayansi ya Usalama Katika Kupanda Milima Mirefu

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa safarini kutoka Rabai kwenda nchi ya Wachagga, aliona juu ya mlima uliokuwa mbele yake kitu cheupe kilichong'aa mithili ya wingu. Kiongozi wake wa njia alikiita kitu hicho kwa neno moja tu: baridi. Baadhi ya wanajiografia wa Ulaya walikataa kwa miaka mingi kusadiki kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Lakini jibu la kiongozi yule lilikuwa sahihi kisayansi, kwani lilitaja sababu yenyewe inayoyafanya maji yagande pale juu.

Hata hivyo, baridi ni nusu tu ya habari za mlima mrefu. Nusu ya pili ni jambo ambalo jicho halilioni wala ngozi hailihisi, nalo ni uhaba wa hewa. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, hupandwa kwa miguu bila kamba na bila kushika mwamba. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mwenye miguu imara na moyo wa ushujaa hana la kuogopa. Dhana hiyo ndiyo iliyowafikisha wengi katika hatari. Makala haya yanaeleza mambo yanayotokea katika mwili wa mpandaji, vifaa vinavyoweza kumsaidia, na sababu zinazoufanya muda kuwa kinga kuu kupita vifaa vyote.

HEWA HUPUNGUA VIPI?

Hewa ina uzito. Mtu aliyesimama ufukoni Tanga yuko chini ya bahari nzima ya hewa, na uzito wa hewa hiyo hukandamiza kila kitu kilicho chini yake. Mkandamizo huo, uitwao kanieneo ya hewa, hupimwa kwa barometa, na huko pwani huinua zebaki kiasi cha milimita 760. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa iliyobaki juu yake inavyopungua uzito, na hewa inayomzunguka hutanuka na kuwa nyepesi.

Kuna kosa ambalo wanafunzi hulifanya mara kwa mara, yaani kudhani kwamba mlimani fungu la oksijeni katika hewa hupungua. Sivyo. Kileleni, kama ilivyo pwani, oksijeni ni sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa. Kinachopungua ni hewa yote kwa jumla. Kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720, kanieneo ya hewa ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya pwani. Kwenye kituo cha Kibo, mita 4,700 hivi, ni kama asilimia 56. Kileleni Uhuru ni karibu nusu.

Hasara inayoupata mwili ni kubwa kuliko hesabu hiyo. Hewa iingiapo puani hulowanishwa kwa mvuke wa maji, na mvuke huo, katika joto la mwili, huchukua milimita 47 za zebaki mahali popote duniani, pwani au kileleni. Sehemu hiyo haipungui. Hivyo, pwani, oksijeni inayoingia kifuani ina kanieneo ya milimita 150 hivi. Kileleni Uhuru hubaki milimita 68 au 70 tu. Mpandaji anafanya kazi nzito kwa chini ya nusu ya riziki yake ya kawaida.

Ushahidi wa jambo hili huonekana hata jikoni. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Huko Horombo huchemka kwa nyuzi 88 hivi, na Kibo kwa nyuzi 84 au 85. Mpishi aweza kuongeza moto apendavyo, lakini maji yaliyo katika sufuria ya wazi hayatazidi joto hilo. Ndiyo maana maharage yanayoiva vizuri Moshi hukaa jikoni Kibo saa nyingi yakabaki magumu.

MAPAFU, FIGO NA UBOHO

Mwili wa binadamu unao uwezo wa kuizoea hewa nyepesi, lakini viungo vyake havifanyi kazi hiyo kwa mwendo mmoja. Hapa ndipo ulipo msingi wa elimu yote ya usalama wa mlimani.

Mapafu huitikia kwa dakika. Mara oksijeni inapopungua katika damu, mtu huanza kupumua haraka na kwa kina, na moyo hupiga upesi zaidi. Lakini kupumua sana huondoa mwilini hewa nyingi ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo inayoifanya damu iwe na kiasi chake cha asidi. Ikiondolewa kupita kiasi, damu huelekea upande wa magadi. Ubongo ukilihisi badiliko hilo hupunguza kasi ya pumzi, japokuwa mwili bado unaililia oksijeni. Athari hii huzidi usiku: mpandaji aliyelala hupumua kwa nguvu, kisha pumzi husita kwa muda mfupi, kisha akashtuka na kuanza tena.

Figo huitikia kwa siku. Kazi yake ni kuyatoa magadi yale ya ziada kwa njia ya mkojo, ili damu irudi katika hali yake na ubongo uruhusu pumzi ziongezeke. Kazi hii huanza mapema, lakini huhitaji siku kadhaa kukamilika. Dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo baadhi ya wapandaji huitumia kwa ushauri wa daktari, husaidia kwa kuziharakisha figo katika kazi hiyohiyo.

Uboho wa mifupa huitikia kwa majuma. Ndani ya saa chache mwili hutoa amri ya kutengenezwa chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Lakini kuziumba, kuzikomaza na kuziingiza katika mzunguko wa damu ni kazi ya majuma kadhaa.

Miguu, kwa upande wake, haimngojei yeyote. Kijana mwenye nguvu aweza kutembea kutoka msituni hadi Kibo kwa muda mfupi sana kama akiachiwa. Miguu itafika, lakini figo zitakuwa bado ziko njiani. Kwa hiyo maradhi ya kimo hayachagui wanyonge. Mwanariadha hana kinga kuliko mwalimu wake mwenye umri wa miaka hamsini. Tena mara nyingi yuko hatarini zaidi, kwa kuwa kasi yake humfikisha juu kabla mwili haujawa tayari. Wahenga waliposema kwamba mwenda pole hajikwai walikuwa wakisema juu ya njia za kawaida, lakini fiziolojia imewaunga mkono hata juu ya mawingu.

RATIBA YA SAFARI

Kutokana na ujuzi huo, madaktari wa milima wamependekeza kanuni iliyo rahisi kukumbuka. Mtu akishapita mita 3,000, mahali anapolala pasizidi mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja bila kupanda mahali pa kulala. Mchana aweza kwenda juu zaidi, mradi arudi chini kulala.

Kanuni hii yafaa ilinganishwe na safari ya siku tano kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwanza wapandaji hulala Mandara, mita 2,700. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,720. Usiku wa tatu hufika Kibo, mita 4,700 hivi, na karibu na saa sita ya usiku huohuo huamshwa kwenda kileleni, mita 1,200 zaidi. Kila hatua ni kama maradufu ya ile inayopendekezwa. Haishangazi, basi, kwamba wengi huumwa kichwa na kutapika, na kwamba wako wanaorudi bila kukiona kilele.

Siku moja ya ziada pale Horombo huleta nafuu kubwa. Siku hiyo wapandaji hutembea hadi upande wa Mawenzi, wakakaa kidogo, kisha wakarudi Horombo kulala. Siku mbili ni bora kuliko moja. Kikwazo ni fedha, kwani ada za hifadhi hutozwa kwa siku, na kila siku inayoongezwa ina chakula chake na ujira wake wa watu. Mtu anayetafuta safari ya bei nafuu huelekea kuikata siku hiyo kwanza, kwa sababu ndiyo siku ambayo "hakuna safari". Kumbe siku hiyo ndiyo dawa. Anayeiondoa ameokoa fedha kwa kupunguza kile hasa ambacho mwili wake ulikihitaji.

DALILI ZA HATARI

Maradhi ya kimo katika hali yake ndogo hufanana na uchovu wa kawaida: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na unyonge. Aghalabu huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mahali papya. Mgonjwa wa aina hii akibaki palepale bila kupanda, mara nyingi hupata nafuu kwa siku moja au mbili.

Hali mbili ni za hatari kubwa. Ya kwanza ni uvimbe wa ubongo. Mgonjwa huchanganyikiwa, hunena maneno yasiyo na mpango, na hutembea kama mlevi. Kipimo chake hakihitaji chombo: mgonjwa huambiwa atembee katika mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hali ni mbaya. Ya pili ni maji kuingia mapafuni. Mgonjwa hutweta hata akiwa amekaa, hukohoa, midomo na kucha hubadilika rangi kuwa ya samawati, na baadaye huweza kutoa povu lenye wekundu wa damu. Hali zote mbili zaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Tiba ya kwanza ya hali hizi ni kushuka. Mgonjwa ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa machela, mpaka nafuu ionekane. Mara nyingi mita 300 hadi 1,000 hutosha. Oksijeni ya chupa, dawa, na ule mfuko wa kujazwa upepo ambao mgonjwa hufungiwa ndani ili apate kanieneo kubwa zaidi, vyote hivyo husaidia kununua muda. Havichukui nafasi ya kushuka.

Kutokana na hayo zimetungwa kanuni tatu ambazo kila kiongozi wa msafara hana budi kuzifahamu. Mtu anayeugua mlimani ahesabiwe kuwa ana maradhi ya kimo mpaka ithibitike vingine. Mwenye dalili asipande kulala juu zaidi. Ambaye hali yake inazidi ashushwe bila kungoja asubuhi, na kamwe asiachwe peke yake wala asiteremke peke yake.

BARIDI, MAJI NA MAVAZI

Hewa inayopanda hutanuka, na kwa kutanuka hupoa. Kwa wastani halijoto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mchana wenye nyuzi 30 pale Moshi, hesabu hiyo huonyesha nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri kileleni. Usiku baridi huzidi sana, kwa kuwa hewa kavu na nyepesi haiwezi kulizuia joto la ardhi lisipotee angani. Katika milima ya ikweta tofauti ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti ya mwezi mmoja na mwingine: kila siku huleta kiangazi chake, na kila usiku huleta kipupwe chake.

Mwili hauuawi na baridi ya hewa peke yake. Mshirika wake mkubwa ni maji. Maji hupitisha joto upesi kuliko hewa tulivu kwa kiasi cha mara 25. Nguo hutia joto kwa sababu huifunga hewa katikati ya nyuzi zake. Nguo ikilowa, mahali pa hewa hushikwa na maji, na nguo ile inakuwa njia ya kulitoa joto nje. Pamba hunywa maji mengi na hukauka polepole. Sufu, hata ikilowa, hubakiza sehemu ya hewa yake, na nyuzi za viwandani kama poliesta hukauka upesi. Hii ndiyo sababu ya mpandaji kuvaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine: ya ndani ya kuondoa jasho, ya kati ya kutunza joto, na ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Avue moja kabla ya kutoka jasho, na aivae kabla ya kuanza kutetemeka.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huwa ameingia hatarini. Hutetemeka, ulimi huwa mzito, mikono hushindwa kufunga kamba za viatu. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, wenzake wasifurahi. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeishiwa nguvu za kujitetea. Mtu huyo avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, aingizwe katika mfuko wa kulalia, na kama yu macho na aweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe asipewe, kwani hutanua mishipa ya ngozi na kulipoteza joto lililosalia.

Maelezo haya yanawahusu wapagazi kwanza kabla ya wageni. Mpagazi hupita msitu wa mvua akiwa na mzigo ambao kanuni za hifadhi zimeuwekea kikomo cha kilo 20, akitoka jasho chini yake, na hufika kituoni akiwa amelowa wakati jua linapotua. Akiwa na shati la pamba na viatu vya mpira, jasho lake mwenyewe ndilo linalomwondolea joto. Tena, kuzaliwa mteremkoni hakumpi kinga: kijiji kilichoko mita 1,500 hakiwezi kuzoeza damu yake na hewa ya mita 4,700. Mpagazi anayelalamika kichwa apimwe kama mgeni anavyopimwa, na akishushwa ashushwe na mwenzake.

Jua nalo halina budi kutajwa. Miali yake isiyoonekana, ile inayounguza ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kuirudisha juu kiasi cha asilimia 80. Macho yasiyo na miwani ya giza yaweza kuungua kwa saa chache, na maumivu huanza baadaye kama mchanga uliotiwa machoni.

MAWE NA BARAFU

Maji yakiganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Yakiingia katika ufa wa mwamba na kuganda usiku, huusukuma ufa huo. Yakiyeyuka mchana, jiwe hulegea. Usiku barafu hulishika jiwe kama saruji. Asubuhi jua huiondoa saruji hiyo. Ndiyo maana wapandaji huondoka Kibo usiku wa manane: kokoto za mteremko huwa zimegandamana na kushika mguu, na wasafiri hupata nafasi ya kushuka kabla ya mawingu ya mchana kupanda.

Kupungua kwa barafu kumeyabadili mazingira haya. Kati ya mwaka 1912 na 2007, eneo la barafu juu ya Kilimanjaro lilipungua kwa asilimia 85. Kwenye Mlima Kenya, mkondo wa barafu uitwao Diamond Couloir, uliopandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Thumbi Mathenge, umepungukiwa sana na barafu katika sehemu yake ya chini. Njia iliyoandikwa katika kitabu cha zamani yaweza isiwepo tena. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya magharibi ya Kibo, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Mahali kama hapo hapavukwi mchana jua likiwa limekwisha kupiga, na kofia ngumu ni lazima.

KAMBA NA HESABU YAKE

Kilele kikuu cha Mlima Kenya, Batian, mita 5,199, ni mwamba mtupu, na hakifikiwi bila kamba. Kamba ya mpandaji ina kazi mbili: kumzuia asiendelee kuanguka, na kumzuia kwa upole. Kazi ya pili husahauliwa.

Chukua mtu wa kilo 70 aliyeanguka mita 4 kabla kamba haijakaza. Kamba ikinyooka sentimita 10 tu na kumsimamisha, kani ya wastani inayompata ni newtoni 28,000 hivi. Ikinyooka mita nzima, kani hiyo hushuka hadi newtoni 3,400. Nishati ya kuanguka haijabadilika sana. Kilichobadilika ni umbali wa kuitumia. Kipimo cha kimataifa hutaka kamba ya kupandia, inapojaribiwa kwa uzito wa kilo 80, isitoe kani inayozidi newtoni 12,000. Kamba za kale za katani na mkonge, ambazo hunyooka kidogo sana, haziwezi sharti hilo. Nailoni ndiyo iliyoleta mapinduzi, kwani hunyooka ikameza nishati.

Tarehe 14 Julai 1865, watu saba wakiongozwa na Edward Whymper walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn. Katika kushuka mmoja aliteleza akawavuta wengine watatu, na kamba iliyowaunganisha na waliobaki ikakatika. Wanne walikufa. Kamba iliyokatika ilikuwa ile iliyo dhaifu kuliko zote walizochukua. Zilizo imara walikuwa nazo safarini. Funzo lake halijachakaa: kifaa kizuri kisichotumika hakina thamani.

Hali kadhalika vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu, na shoka la barafu. Vyote hufanya kazi moja, yaani kuikusanya kani ya mwili katika ncha ndogo ili ipenye barafu. Lakini asiyejua kujizuia kwa shoka anapoteleza amebeba mzigo tu.

KURUDI NI SEHEMU YA SAFARI

Januari 1943, mateka watatu wa Kiitaliano waliokuwa wamefungwa Nanyuki walitoroka kambini ili kuupanda Mlima Kenya. Vyuma vyao vya meno walivifua kwa vipande vya magari vilivyotupwa, na kamba zao walizitoa katika vitanda vya kambi. Mmoja wao, Giovanni Balletto, alikuwa daktari. Mwenzao mmoja alipougua alibaki chini. Wawili walijaribu Batian. Dhoruba na unyonge vilipowazidi waligeuka, na baada ya mapumziko walipanda Lenana, kilele kilicho chini zaidi, kisha wakarudi kujisalimisha. Walikuwa na vifaa duni kuliko wapandaji wengi, lakini uamuzi wa kugeuka haukuhitaji kifaa chochote.

Septemba 1970, madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikifikia kilele cha Batian. Mara tu walipoanza kushuka, jiwe lilimponyoka Judmaier, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Oelz alishuka kutafuta msaada, kisha akarudi kwa mwenzake. Wapandaji wa Kenya walifika na dawa na chakula. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, na rubani wake akafa. Waokoaji wengine walisafiri kutoka Innsbruck. Judmaier aliteremshwa akiwa hai baada ya zaidi ya juma moja. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1989, Oelz na wenzake walitangaza kwamba dawa ya mishipa iitwayo nifedipini huwasaidia wagonjwa wenye maji mapafuni kwa sababu ya kimo. Dawa hiyo leo imo katika mikoba ya madaktari wa milima popote duniani. Hata hivyo, mkasa wa Batian wafundisha kwamba msaada mlimani huja kwa siku na kwa gharama ya maisha ya wengine. Msafara hauna budi kupangwa kana kwamba hautakuja.

Hivyo, kabla ya kuondoka kambini, kiongozi aitaje saa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika, wote wageuke, hata kama kilele kinaonekana. Nguvu zitumiwazo kufika juu zisiwe zote alizonazo mtu, kwa maana kilele ni nusu ya njia.

KAZI ZA DARASANI

Mwalimu aweza kuyaonyesha mengi ya mambo haya bila kwenda mlimani. Maji yenye joto la nyuzi 70 hivi yakivutwa kidogo ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, kisha mdomo wa bomba ukazibwa kwa kidole na mchi ukavutwa kwa nguvu, maji yatachemka bila moto. Chupa mbili za maji ya moto, moja ikivishwa soksi mbichi ya pamba na nyingine soksi mbichi ya sufu, zikawekwa penye upepo na kupimwa kila dakika tano, zitaonyesha tofauti ya mavazi. Uzito mmoja ukining'inizwa kwa uzi wa katani na kisha kwa uzi wa nailoni wa unene uleule, rula itaonyesha ni upi unaonyooka.

Shule nyingi zilizo karibu na milima hupanga safari za kwenda kileleni, na huo ni utaratibu mwema. Kabla ya fedha kulipwa, wanafunzi wachore grafu ya safari yao: siku katika mstari wa chini, na kimo cha kila mahali pa kulala katika mstari wa kusimama. Kisha wahesabu ni usiku mangapi yatakayolaliwa kati ya mita 3,000 na mita 4,700. Jibu likiwa ni usiku mmoja, safari hiyo irudishwe mezani ikapangwe upya.